Utaratibu wa Soko la Mtaani

Honi ya treni inapolia katika soko la Maeklong, kusini-magharibi mwa Bangkok nchini Thailand, hakuna anayekimbia. Wachuuzi hukunja maturubai, huvuta nyuma meza za magurudumu zilizojaa samaki, na wateja hujibana pembeni. Treni hupita polepole, ikikaribia kugusa nyuso za watu. Mafungu ya mboga yaliyopangwa chini, kando kabisa ya reli, hayaguswi, kwa kuwa kila muuzaji anajua behewa linaanzia wapi na linaishia wapi. Likishapita la mwisho, maturubai yanarudi na mteja anaendelea kuulizia bei.

Reli hiyo imekuwepo tangu mwaka 1905, na kazi hiyo ya kukunja na kutandaza upya hufanyika mara kadhaa kwa siku.

Masoko ya mtaani huelezwa mara nyingi kuwa ni vurugu tupu: kelele, msongamano, rangi zinazogongana. Lakini soko la nyanya na samaki likikosa utaratibu, mali huoza na watu hula hasara. Utaratibu upo. Waliouweka ni wauzaji wenyewe, na mara chache umeandikwa popote.

Katika soko la Cai Rang, kwenye delta ya Mto Mekong huko Vietnam, biashara hufanyika majini, na kelele za injini humeza sauti ya mwenye kunadi. Kwa hiyo kila mashua husimika mti mrefu na kutundika juu yake sampuli ya mali iliyobeba: nanasi, kabichi, boga. Mnunuzi huiona kwa mbali na kuelekeza mtumbwi wake huko. Nguo zilizoanikwa mashuani haziuzwi, ni za familia inayoishi humo. Na likitundikwa kuti la mnazi, wenyeji wanajua kuwa inayouzwa ni mashua yenyewe.

Huko Kumasi, Ghana, ambako biashara ya vyakula sokoni imo zaidi mikononi mwa wanawake, kila bidhaa kubwa ina malkia wake, kiongozi wa wauzaji wa bidhaa hiyo. Yupo wa viazi vikuu, yupo wa nyanya. Wawili wakigombania deni au mzigo uliofika ukiwa umeharibika, shauri hupelekwa kwake, naye huamua hapo hapo, kwa kuwa kesi ikichukua siku tatu nyanya hazitakuwepo tena.

Dar es Salaam, soko la samaki la Feri huchangamka tangu alfajiri, vyombo vinaporudi kutoka baharini. Samaki humwagwa mezani, dalali hutaja bei ya kuanzia, na wanunuzi huipandisha. Mnada mmoja huisha haraka, kisha mzigo hugawanyika: mwingine kwa mama lishe, mwingine kwa wakaangaji, mwingine kwa wachuuzi wanaoupeleka mitaani. Pembeni wako vijana wa kupara samaki, ambao riziki yao ni kisu na ndoo ya maji. Samaki mmoja hulisha watu wengi kabla hajafika jikoni.

Taratibu hizi huyumba mazingira yanapobadilika. Cai Rang imepoteza mashua nyingi baada ya barabara na madaraja kurahisisha usafiri wa malori, ingawa Vietnam iliitambua kuwa urithi wa utamaduni wa taifa mwaka 2016. Moto ulipoteketeza soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, Julai 2021, wafanyabiashara walitawanyika kwenda masoko mengine ya jiji. Hasara haikuwa ya mali peke yake. Muuzaji anayehamishwa huacha nyuma mteja aliyezoea kukopeshwa hadi mwisho wa mwezi, na jirani anayemwangalizia meza anapokwenda kuswali. Ndiyo maana wanaopanga masoko mapya wanapaswa kuanza kwa kuwauliza wauzaji nani hukaa karibu na nani, mzigo huingilia wapi, na saa ngapi, kabla ya kuchora ramani ya jengo.