Kisanduku Chenye Taa Ukutani

Mwezi wa Mei mwaka 2024 tulimzuru mzee mmoja tunayemheshimu, mkazi wa Dar es Salaam, tukamkuta amefadhaika. "Wanangu," alituambia baada ya salamu, "alama ya mtandao imejaa katika simu yangu, wala sipati kitu. Mjukuu amesema kisanduku hiki kimekufa, nami nimekwisha nunua kingine." Tukakitazama kile kipya kinavyometameta taa zake, na hali ilikuwa ile ile.

Kisanduku cha zamani hakikuwa na kosa lo lote. Tarehe 12 ya mwezi ule mikongo miwili ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata taabu. Basi mzee alikuwa ametoa fedha zake bure kwa kutotenganisha maneno mawili tu. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa tuyaeleze maneno haya, ambayo siku hizi yamo katika kila nyumba, na wenye nyumba huona haya kuuliza maana yake.

Watu wengi hudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Wi-Fi ni ile njia fupi ya mawimbi ya redio iliyo kati ya simu yako na kisanduku kilichomo nyumbani, ambacho huitwa ruta. Intaneti ni mtandao wa dunia nzima ulioko nje ya ruta hiyo. Mfereji wa nyumbani kwako waweza kuwa mzima, na koki yake mpya, lakini bomba kuu litokalo Ruvu likipasuka hutapata hata tone. Alama iliyojaa yakupa habari ya mfereji tu. Haikwambii lo lote juu ya Ruvu.

Mawimbi hayo ni ya jamaa moja na yale aliyoyatumia Marconi mwaka 1901 kupeleka ishara kuvuka bahari ya Atlantiki. Kinachotofautiana ni masafa, yaani wimbi latikisika mara ngapi kwa sekunde moja. Ruta nyingi hutumia gigahezi 2.4, ambayo ni mara bilioni 2.4 kwa sekunde, na gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi. Ya pili huchukua mengi kwa haraka, lakini hudhoofika upesi. Ndiyo sababu katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zenye kuta nene, chumba cha pili hupata na cha tatu hukosa. Tanuri la mikrowevu nalo hufanya kazi karibu na masafa hayo ya 2.4, hata pengine likiwashwa kupasha chakula, simu iliyo jirani nalo husitasita. Nasi tumeona nyumba nyingi ambamo ruta imefichwa ndani ya kabati la chuma, na juu yake kitambaa cha kufuma, kwa kuwa haipendezi machoni. Iwekwe juu, mahali pa wazi, kati ya nyumba.

Habari yo yote ipitayo humo, ikiwa picha au sauti, hukatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi. (Neno hili limetuletea mchafuko, kwa maana wauza simu nao huliita kifurushi lile bando unalonunua. Hapa hatusemi bando.) Kila kifurushi huandikwa anwani ya atokako na ya aendako, kisha huenda njia yake, na huko mwisho vyote hupangwa upya. Anwani za mpango wa zamani ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, na jumla yake haizidi bilioni 4.3, nazo hazikutosha walimwengu. Hila iliyofanywa ni kama ile ya sanduku la posta la shule: barua za walimu wote huja kwa sanduku moja, kisha karani huzigawa ndani. Ruta ndiyo karani. Nje nyumba yaweza kuwa na anwani moja. Ndani simu ya baba ni 192.168.1.5 na ya mama 192.168.1.6.

Mwuzaji akikuahidi megabiti 10 kwa sekunde, kumbuka kuwa baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo faili huja kwa megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10. Hakukudanganya, ingawa twaona angalifanya vema kukueleza.

Tumeulizwa pia kama simu yaweza kuonyesha Kibla bila bando. Yaweza, iwapo programu yenyewe imekwisha wekwa ndani na haidai mtandao. Mahali ulipo hujulikana kwa GPS, ambayo ni satelaiti zizungukazo dunia kwa urefu wa kilometa 20,000 hivi. Simu huzisikiliza tu, haizijibu. Upande wa kuelekea huonyeshwa na dira iliyomo ndani, na dira hiyo huharibiwa na sumaku na chuma. Usiitegemee juu ya boneti la gari.

Limebaki neno la siri. Asiyeliweka, au aliyeacha lile la kiwandani, amewaachia wapitao mlango wazi: mgeni aweza kutumia mtandao kwa jina la mwenye nyumba, na hata kubadili mipango ya ruta. Katika ruta chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 ikiwa chombo ni cha zamani; WEP ulikwisha vunjwa zamani.

Mzee wetu alibadili neno lake wiki ile ile. Siku ya tatu jirani alibisha hodi, akaeleza kwa haya kuwa wanawe walikuwa wakisoma kwa mtandao ule miezi mingi, wala hakuwahi kuomba ruhusa. Mzee alimkaribisha chai, akamwandikia neno jipya katika karatasi, akampa na kile kisanduku cha zamani.