Shule Ikifungwa Ugenini, Mwalimu Analipwa na Nani?

Mwalimu Mkenya au Mtanzania anayefundisha shule binafsi Dubai au Muscat huwa na kibali cha ukaazi, kadi ya bima ya afya na, mara nyingi, nyumba au posho ya nyumba. Kwa macho ni vitu vitatu, lakini vyote vimening'inizwa kwenye mkataba mmoja wa ajira. Kazi ikikatika, siku za kibali zinaanza kuhesabiwa, bima inakoma, na mwenye nyumba anataka funguo zake. Kama alihamia na familia, vibali vya mwenza na watoto vinafuata chake.

Siku za kawaida mpango huu hauumi sana. Aliyeachishwa anatafuta shule nyingine au anakata tiketi kurudi kwao. Machi 2020 njia zote mbili zilizibwa kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 mwezi huo. Falme za Kiarabu zilikuwa zimeshafunga shule siku tatu kabla, Oman ikafunga wiki hiyohiyo. Kenya ilisitisha safari za ndege za kimataifa Machi 25, Tanzania ikafuata Aprili. Oman haikufungulia safari za kawaida za ndege hadi Oktoba 1. Aliyepoteza kazi katika wiki zile hakuwa na shule ya kuhamia wala ndege ya kupanda. Wakenya waliotaka kurudi waliambiwa wajilipie nauli, na wakifika wajilipie karantini.

Tangu hapo, kila inapozungumzwa namna ya kuwasaidia walimu walio nje wakati wa janga, mjadala huelekea kwenye ushauri nasaha, mafunzo ya kufundisha kwa mtandao na risala za kutiana moyo. Vyote vina kazi yake. Lakini mtu asiyejua kama mshahara wa mwezi huu utaingia hatulizwi na semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Ninavyoona mimi, msaada unaofika ni ule ulioandikwa kwenye mkataba na kwenye sheria kabla ugonjwa haujaingia mjini. Mengine ni nyongeza.

Tuangalie walichofanya Falme za Kiarabu, kwa kuwa sheria zao zimeandikwa wazi na walimu wetu wako huko. Machi 26, 2020, wizara inayosimamia ajira ilitoa amri ya waziri namba 279. Iliwaruhusu waajiri wa sekta binafsi walioguswa na janga kuchukua hatua kwa ngazi: kwanza kazi za nyumbani, kisha likizo ya malipo, kisha likizo bila malipo, kisha kupunguza mshahara kwa muda, na mwisho kuupunguza moja kwa moja. Sharti lilikuwa mfanyakazi akubali, na makubaliano yaandikwe. Mwajiri aliyekuwa na wafanyakazi wa ziada alitakiwa kuendelea kuwapa makazi na stahili zao nyingine, ukiacha mshahara, mpaka waondoke nchini au wapate kazi kwingine.

Sehemu ya makazi ilikuwa ya busara, na serikali nyingine zingefaa kuiiga. Sehemu ya ridhaa ndiyo yenye walakini. Mtu ambaye kibali chake kiko mikononi mwa mwajiri, na viwanja vya ndege vimefungwa, atakataa vipi karatasi ya kupunguziwa mshahara? Anatia saini. Kwenye jalada itasomeka kwamba alikubali kwa hiari yake.

Tuwe waadilifu, shule nazo zilibanwa. Shule binafsi za Ghuba huendeshwa kwa ada, na wazazi wengi ni wageni kama walimu wenyewe. Baba aliyesimamishwa kazi hotelini anaomba punguzo la ada au anamwondoa mtoto, na pengo hilo linatua kwenye mishahara. Mwalimu yuleyule aliyepunguziwa alikuwa sasa anafundisha mbele ya kompyuta, kwenye chumba anachochangia na mwenzake, intaneti akilipia mwenyewe.

Halafu kuna kifungu ambacho karibu hakuna anayekisoma. Hukaa kurasa za mwisho za mkataba na kueleza matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande mbili: vita, mafuriko, tetemeko, na mara nyingi magonjwa ya mlipuko. Kikiandikwa kwa upana, kinamwondolea mwajiri wajibu wote mara tukio linapotokea. Kikiandikwa kwa uangalifu, kinasimamisha tu kile ambacho kweli hakiwezekani. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Masomo yakiendelea kwa mtandao, kazi haijasimama, kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kuacha kulipa. Mwalimu ambaye mkataba wake unasema hivyo wazi ana pa kusimamia akifika mbele ya afisa wa kazi.

Wapo pia walionaswa upande wa pili wa mpaka. Mwaka mpya wa Kichina wa 2020 uliangukia Januari 25, na walimu wengi wa kigeni walikuwa wametoka nje ya China kwa likizo. Machi 28 China ikafunga mipaka yake hata kwa wageni wenye vibali halali vya ukaazi. Mwalimu wa namna hiyo alibaki mwajiriwa wa shule asiyoweza kuifikia. Kwa aliyekuwa Nairobi, kipindi cha saa mbili asubuhi saa za Beijing kilimkuta saa tisa usiku. Vitu vyake vilibaki kwenye nyumba anayoilipia kodi. Masharti ya karantini kwa wasafiri wanaoingia China hayakuondolewa hadi Januari 8, 2023. Mkataba unaotaja mahali pa kazi bila kueleza nini kitafuata mwalimu akizuiwa na serikali kuingia umeacha tundu.

Tusiwanyooshee vidole Waarabu na Wachina peke yao, maana sisi wenyewe ni waajiri wa walimu wageni. Shule za mchepuo wa Kiingereza za Arusha, Mwanza na Dar es Salaam zimeajiri Wakenya na Waganda kwa miaka mingi, kwa vibali vinavyofungwa kwa mwajiri vilevile. Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Juni 29. Mei 16, katikati ya kipindi hicho, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikabakiza mizigo. Mkenya aliyekuwa akifundisha Arusha bila mshahara yuko mwendo mfupi tu kutoka Namanga, na hapiti. Uganda ilikuwa na kisa kirefu zaidi: shule zilifungwa Machi 2020, na ukiacha ufunguzi wa vipande vipande, hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Walimu wa shule binafsi waliingia sokoni, shambani na kwenye bodaboda. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kwa Mkenya yule wa Arusha haikuleta hata mfuko wa unga.

Baadhi ya mambo yamebadilika. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine, na Oman ikafanya hivyo kuanzia Januari 1, 2021 kwa aliyemaliza mkataba. Ni pengo muhimu katika ukuta wa kafala, yaani mfumo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake. Falme za Kiarabu zilianzisha Januari 2023 bima ya kupoteza ajira inayowahusu wenyeji na wageni wa sekta binafsi. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 anachangia dirhamu 5 kwa mwezi. Akichangia mfululizo miezi 12, kisha akaachishwa kazi bila kosa lake la nidhamu na bila kujiuzulu, analipwa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Maneno ya kuyakazia macho hapo ni "mshahara wa msingi". Chukua walimu wawili wanaopokea dirhamu 8,000 kwa mwezi. Wa kwanza ameandikiwa msingi 3,000 na posho 5,000, wa pili msingi 5,000 na posho 3,000. Benki inaona kiasi kilekile kila mwezi. Wakiachishwa siku moja, bima inamlipa wa kwanza 1,800 kwa mwezi, wa pili 3,000. Kiinua mgongo nacho huhesabiwa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Baada ya miaka miwili wa kwanza anaondoka na 4,200, mwenzake 7,000. Shule inayopenda posho nene na msingi mwembamba inajua inachokifanya, na mwombaji anayeangalia jumla tu ndiye anayelengwa.

Kuna jambo ambalo familia hulikwepa: kifo. Wakati wa korona nchi nyingi zilizuia kusafirisha miili ya waliokufa kwa ugonjwa huo au ziliweka masharti yasiyowezekana, na wengi walizikwa hukohuko bila ndugu kaburini. Mwalimu aandike mapema nani apigiwe simu, nani ashughulikie akaunti ya benki, na kama bima yake inagharamia mazishi ya ugenini. Ajiandikishe ubalozini siku za mwanzo. Orodha ya ubalozi ndiyo inayotumika kupanga ndege za kuwarudisha watu, na asiyekuwemo hutafutwa wa mwisho.

Vyama vya walimu vya nyumbani vingeweza kusaidia zaidi kwa gharama ndogo. Mwanasheria mmoja wa chama, akiwasomea wanachama mikataba ya nje kabla hawajasaini, angeokoa watu wengi kuliko harambee kumi za kuwarudisha waliokwama. Na kwa wewe uliye na mkataba mkononi sasa hivi, hakikisha kwanza wakala aliyekutafutia kazi amesajiliwa. Kisha muulize mwajiri, kwa barua pepe ili jibu libaki: shule ikifungwa kwa amri ya serikali, nitalipwa kiasi gani, kwa muda gani, na tiketi ya kurudi ni ya nani? Akijibu kwa simu tu, mwombe aandike. Akikataa kuandika, usisaini.