Jino la Kupandikizwa: Je, Litadumu?



Huenda uling'olewa gego, na sasa unatafuna githeri kwa upande mmoja tu. Umesikia kwamba daktari anaweza kukupandikizia jino lisilovuliwa usiku. Ni kweli, lakini gharama yake ni kubwa. Kabla ya kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa sacco, uliza: jino hilo litadumu?

Jino la kupandikizwa husimama juu ya skrubu ndogo ya titani iliyotiwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na madini haya. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, alitiwa skrubu hizo mwaka wa 1965, akazitumia kwa zaidi ya miaka 40.

Upasuaji hufanywaje? Kwanza hupigwa picha ya eksirei. Ikiwa jino liling'olewa zamani, mfupa huwa umepungua, na huenda ukahitaji kuongezewa. Kisha unadungwa sindano ya ganzi, ufizi unafunguliwa, na mfupa unatobolewa polepole huku ukipozwa kwa maji. Mfupa ukifika nyuzi 47 za joto kwa dakika moja tu huumia, na skrubu huenda isishike. Baada ya hapo ni subira: kwa kawaida miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Mara nyingi ndipo jino lenyewe hufungwa juu yake.

Tafiti zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, zaidi ya skrubu 9 kati ya 10 huwa bado zimeshika. Lakini skrubu haiozi. Kinachougua ni ufizi na mfupa ulioishikilia. Uchafu ukijikusanya, ufizi huvimba, hutoka damu, na mfupa huliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na aliyewahi kuugua ufizi.

Kwa hivyo, msikilizaji:

1. Mwambie daktari kuhusu sukari, sigara, ugoro, miraa na dawa zozote unazotumia, hasa za mifupa.
2. Hakikisha amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Usimkabidhi taya lako fundi wa mtaani.
3. Piga mswaki mara mbili kwa siku, safisha katikati ya meno, na urudi kukaguliwa hata kama huumwi.

Ikiwa pesa hazitoshi, usione haya. Meno bandia ya kuvua pia hutafuna. Unaweza kuanza kwa ushauri katika kliniki ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.