Pikipiki ikianza kunywa esansi kupita desturi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu pamoja naye,

Hapa Wamaza, na katika njia zote za Kasongo na Kabambare, pikipiki ni mguu wetu. Ndiyo inayotufikisha kazini, inayompeleka mgonjwa kituo cha afya, inayoleta unga na mawese kutoka sokoni. Esansi yake inatoka mbali, ndani ya mapipa na bidoni, na inauzwa kando ya njia kwa chupa. Ndiyo maana siku pikipiki inapomaliza chupa mbili pale ilipozoea kumaliza moja, neno la kwanza linalotoka kinywani ni la feza: "Muuzaji ametuibia!"

Pengine ni kweli. Lakini huu ni ukurasa wa usalama, na tunataka kukuonyesha upande mwingine. Esansi haipotei bure. Kama haikukusukuma njiani, basi imekwenda mahali pengine. Imedondoka chini, imeingia ndani ya mafuta ya moteri, imetoka kwa moshi mweusi, au imetumika kushindana na freni iliyokamata. Kila mahali hapo pana hatari yake. Kwa hiyo usiulize tu, "Nimepoteza feza ngapi?" Uliza, "Esansi yangu imekwenda wapi?"

PIMA KWANZA, USIKISIE

Jaza tanki mpaka alama unayoijua. Andika kilometa zinazosomeka kwenye saa ya pikipiki. Tembea siku mbili au tatu kama desturi yako, kisha jaza tena mpaka alama ile ile, ukihesabu litri ulizotia. Gawanya kilometa kwa litri.

Tuseme umetembea kilometa 120 na umetia litri 3. Pikipiki inakupa kilometa 40 kwa litri. Mwezi unaofuata, njia ni ile ile, mzigo ni ule ule, lakini umetia litri 4 na nusu. Sasa inakupa kilometa 27 tu. Hapo huna tena mashaka: kuna kasoro, nawe uitafute. Kama saa ya kilometa imekufa, tumia njia moja unayoijua, kwenda na kurudi.

Usilinganishe pikipiki yako na ya jirani. Ilinganishe na yenyewe. Tena usisahau njia: wakati wa mvua, tope likishika gurudumu, na abiria wawili wakipanda nyuma, kila pikipiki itakunywa zaidi. Hiyo si kasoro ya moteri. Kasoro ni pale hakuna kilichobadilika, ila esansi inakwisha upesi.

ANGALIA CHUPA

Chukua chupa ya maji iliyoandikwa kipimo chake, utie ndani esansi uliyonunua. Utajua kama litri ni litri kweli. Iache itulie kidogo. Maji ni mazito kuliko esansi, basi kama yamo utayaona yamekaa chini.

Kisha dondosha tone moja juu ya karatasi safi, mbali na moto. Esansi nzuri inakauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta, inawezekana imechanganywa na petroli ya taa. Esansi ya namna hiyo inasumbua kuwaka, inatoa moshi na inachafua moteri.

Mama wa nyumba, jambo hili linakugusa wewe pia. Anayeweza kuchanganya petroli ndani ya esansi anaweza kukosea akatia esansi ndani ya petroli. Esansi ndani ya taa inalipuka. Ukisikia petroli yako ina harufu kali ya esansi, usiiwashe.

TAFUTA MAHALI INAPODONDOKA

Egesha pikipiki nje, mchana. Weka kipande cha katoni kavu chini yake na uiache muda. Angalia chini ya tanki, kwenye robine, kwenye mpira unaopeleka esansi, na kwenye kile kijimpira kinachoning'inia chini ya karbirateri. Mpira uliochakaa kwa jua unapasuka vipande vidogo vidogo. Ubadilishe, usiufunge kwa kamba.

Usitafute tundu la esansi kwa taa ya moto, wala kibiriti, wala sigara mdomoni. Esansi inatoa mvuke hata kukiwa na baridi. Mvuke huo hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji mpaka ukutane na moto. Mbabula iliyo pembe nyingine ya nyumba inatosha kuuwasha.

Tunajua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, karibu na Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu walisogea, wengine kutazama, wengine kuchota yaliyomwagika. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, Tanzania, ikawa vile vile: lori lilianguka, watu wakakimbilia mafuta, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Utasema, lile lilikuwa lori, hii ni pikipiki. Ndiyo, lakini mvuke ni ule ule, na chumba unacholala na watoto ni kidogo kuliko barabara.

Kwa hiyo pikipiki inayodondosha esansi isilale ndani ya nyumba. Kama unaogopa wezi, funga robine, uifunge kwa mnyororo, na itengenezwe kesho yake bila kungoja mshahara.

ZUNGUSHA MAGURUDUMU

Simamisha pikipiki juu ya kigingi chake, gurudumu liwe hewani, uizime, utie gia huru, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Linapaswa kuzunguka lenyewe kidogo. Likisimama mara moja, freni imekamata, au sheni imekazwa mno.

Njia nyingine: baada ya safari fupi ambayo hukutumia freni sana, dondosha matone ya maji juu ya kikombe cha freni. Yakichemka, usiguse kwa mkono. Freni inafanya kazi saa zote, nawe unainunulia esansi ili ishindane na moteri. Ubaya wake mkubwa si esansi. Freni inayochemka inapoteza nguvu, nawe utaihitaji pale unapoteremka kilima chenye utelezi, na mtu amekaa nyuma yako.

Angalia pia magurudumu kama yana pumzi ya kutosha. Gurudumu lenye pumzi kidogo ni zito kusukuma, linachoka upesi, na linakutupa kwenye kona.

IPE PIKIPIKI HEWA

Moteri haiishi kwa esansi peke yake. Kuichoma kilo moja ya esansi vema kunataka karibu kilo 15 za hewa. Vumbi jekundu la njia zetu likiziba filtre, hewa inapungua na esansi inazidi. Haiungui yote. Inatoka nyuma kwa moshi mweusi wenye harufu kali.

Filtre ya sifongo inaoshwa kwa maji na sabuni, inakamuliwa bila kusokotwa, inakaushwa, kisha inapakwa mafuta kidogo ya moteri. Filtre ya karatasi haioshwi. Inakung'utwa polepole, na ikichoka inabadilishwa. Usioshe filtre kwa esansi. Wala usiitoe kabisa ili moteri "ipumue", maana vumbi litaingia ndani na kuikwangua.

Angalia pia kile kijiti cha karbirateri unachovuta asubuhi moteri ikiwa baridi. Wengi wanakisahau, au kinakwama. Pikipiki inatembea siku nzima ikinywa kama asubuhi ya baridi.

Kisha ngoja moteri ipoe, ufungue buji. Ikiwa na rangi ya kahawia, moteri inaungua vema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, esansi ni nyingi au hewa ni kidogo. Ikiwa na unyevu wa mafuta ya moteri, ni ugonjwa wa ndani, mwite fundi.

Unapofanya majaribio haya, usiwashe moteri ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu analala asiamke. Moteri inayounguza vibaya inatoa sumu hiyo kwa wingi zaidi.

NUSA MAFUTA YA MOTERI

Kuna kasoro moja iliyojificha. Ndani ya karbirateri mna kidude kinachofunga esansi inapotosha. Kikichakaa au kikiingia taka, esansi inaendelea kutiririka usiku kucha na inaweza kushuka mpaka ndani ya moteri. Chomoa kipimo cha mafuta. Ukiona mafuta yamepanda bila wewe kuongeza, tena yana harufu ya esansi, usiwashe moteri. Mafuta hayo yamekuwa mepesi, hayalindi tena chuma, na mvuke wake unaweza kuwaka. Fundi atengeneze karbirateri, kisha mafuta yabadilishwe. Tangu siku hiyo, funga robine kila unapoegesha.

Na kama moteri inapiga kelele nyingi lakini mwendo hauongezeki, hasa ukipanda kilima, ambreyaji inateleza. Esansi inakwisha kwa kelele tu. Hiyo nayo ni kazi ya fundi.

USINYONYE ESANSI KWA MDOMO

Kuna wanaotoa esansi ndani ya tanki kwa kunyonya mpira. Tunakuomba uache. Tone moja likikosea njia na kuingia mapafuni, linaunguza mapafu. Tumia pampu ya mkono, au fungua mpira wa chini uikinge.

Mtoto akinywa esansi au petroli, usimtapishe. Akitapika, inarudi na kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mawese. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Na wewe baba, usiweke esansi ndani ya chupa ya maji au ya limonadi, mahali mtoto anapofika.

Moto ukiwaka, mwagia mchanga au udongo. Maji yanaweza kuisambaza esansi inayowaka. Mtu aliyeungua, mwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, ufunike kidonda kwa kitambaa safi, umpeleke kwa mganga. Usimpake dawa ya meno wala mawese.

Ndugu mfanyakazi, mgodini unajua kwamba jiwe dogo linalodondoka ni habari ya jiwe kubwa lililo nyuma yake. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayelisikia akaendelea kupiga sururu. Pikipiki nayo inasema kwa namna hiyo. Leo inakuomba chupa moja zaidi. Isikilize leo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumapili hii, kabla ya kuondoka, toa nusu saa. Pima, angalia chini, zungusha gurudumu, fungua filtre, nusa mafuta. Mwite na kijana wako atazame, naye ajue. Safari njema, na urudi salama kwa walio nyumbani.