BREKI HUTOA HABARI MAPEMA



Tuseme upo Msuka, Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Kumekucha. Gari ya abiria imesimama njiani. Ni gari ya zamani. Bodi yake ya mbao imepakwa rangi mara nyingi. Ndani mna wanafunzi wa skuli. Mna mama anayempeleka mtoto hospitali ya Wete. Mna wazee wanaokwenda Konde. Juu kuna mikungu ya ndizi na vikapu vya dagaa.

Dereva anakanyaga breki. Pedeli inashuka mpaka karibu na sakafu. Anakanyaga tena upesi. Mara hii inashika. Anatia gia na kuondoka.

Je, gari hiyo ni nzima?

Watu wengi watasema ni nzima, kwa sababu breki imeshika. Sisi tunasema si nzima. Kule kukanyaga kwa mara ya kwanza kulileta habari. Dereva aliipata habari hiyo asubuhi, mahali tambarare, gari ikiwa imesimama. Hakuisoma.

Wewe umejifunza kusoma herufi. Leo tusome pedeli. Hata kama huna gari, soma. Huenda kesho ukapanda gari ya mwenzako, ukakaa karibu na dereva, ukaona mguu wake unakanyaga mara mbili mbili.

BREKI INAVYOFANYA KAZI

Mguu wako hauna nguvu ya kusimamisha gari yenye watu ishirini. Mguu unasukuma mafuta tu. Mafuta hayo yamo ndani ya bomba linaloitwa masta silinda. Yanapita katika paipu nyembamba mpaka kwenye kila gurudumu. Huko kuna silinda ndogo. Silinda ndogo inasukuma vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Mafundi huviita breki shuu. Vimebandikwa utando mgumu, nao ni laini ya breki. Laini inasugua ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Gari inasimama. Gari nyingine zina sahani ya chuma badala ya ngoma, lakini kazi ni ile ile.

Kwa nini mafuta? Kwa sababu mafuta hayabanwi. Ukiyasukuma upande huu, yanasukuma upande wa pili. Upepo sivyo. Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Mkono unaingia kidogo, halafu unarudishwa. Upepo umebanwa. Basi upepo ukiingia katika paipu za breki, nguvu ya mguu wako inaishia katika kuubana upepo. Haifiki kwenye gurudumu.

PEDELI INASEMAJE?

Simamisha gari mahali tambarare. Weka jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma. Washa injini. Sasa kanyaga polepole.

Ikiwa pedeli inashuka sana, lakini ukikanyaga mara ya pili inapanda na kuwa ngumu, laini zimekwisha au zimekuwa mbali na ngoma. Fundi afungue magurudumu atazame. Kama laini bado ni nene, atakaza breki. Kama zimekwisha, hakuna cha kukaza. Zibadilishwe.

Ikiwa pedeli ni laini na inabonyea kama godoro, kuna upepo ndani. Fundi atautoa. Lakini muulize upepo uliingia wapi. Upepo hauingii bila ya njia. Mara nyingi mafuta yalipungua, au kuna mahali panapovuja.

Sasa jaribu hili, maana madereva wengi hawalijui. Kanyaga kwa nguvu na uache mguu hapo hapo. Hesabu mpaka sitini. Pedeli nzima hubaki mahali pake. Ikiwa inazama kidogo kidogo chini ya mguu wako, nguvu inatoroka. Teremka, utazame chini ya gari na upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona majimaji, umepata mahali. Kama pote pakavu na mafuta hayapungui, tazama masta silinda. Ndani yake kuna vikombe vidogo vya mpira. Vikichakaa, mafuta hurudi nyuma humo humo, na nje huoni kitu.

Pedeli nayo inaweza kuwa ngumu kama jiwe, na gari haisimami. Hapa dereva hudanganyika, maana anadhani pedeli ngumu ndiyo breki nzuri. Gari nyingi zina busta, chombo cha duara kama sufuria yenye mfuniko. Busta hutumia nguvu ya injini kuusaidia mguu. Ipime hivi. Zima injini. Kanyaga mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu. Usiondoe mguu. Washa injini. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, busta imekufa au mpira wake umetoboka.

Ndiyo maana si vizuri kuzima injini mteremkoni ili kubana mafuta ya gari. Ukizima injini, umemfukuza msaidizi wako. Mafuta utakayoyaokoa hayajazi hata kikombe.

Baada ya hapo, endesha polepole, kama kilomita 20 kwa saa, mahali tambarare pasipo na watu. Kanyaga. Gari ikivuta kulia, breki ya kushoto haishiki. Ikivuta kushoto, ya kulia ndiyo mgonjwa. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, laini imekwisha na ngoma inaliwa. Ukirudi safari, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, lakini usiguse. Gurudumu lenye joto kali kuliko wenzake lina breki isiyoachia. Lililo baridi peke yake halifanyi kazi kabisa.

Gari ya ng'ombe haina taabu hizi. Breki yake ni ng'ombe mwenyewe. Lakini haifiki Wete na kurudi kabla ya adhuhuri.

BREKI ZA ASUBUHI NA BREKI ZA MTEREMKONI

Vilima vya Pemba si virefu, lakini vimesimama, na vinafuatana. Unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda, unashuka tena. Wakati wa karafuu gari hubeba magunia na wachumaji pamoja.

Breki inayoshika vizuri asubuhi, gari ikiwa tupu, inaweza kukataa mchana mteremkoni. Sababu ni joto. Kila ukikanyaga, laini na ngoma husuguana na kupata moto. Ngoma ikipata moto hupanuka na kuwa mbali na laini. Laini nayo ikiungua huteleza. Utasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Pedeli inashuka zaidi, na gari haipungui mwendo. Ukisimama nusu saa, breki zinarudi kama kwamba hapakuwa na jambo. Ndipo dereva husema, "Mbona zinashika?" Zinashika kwa sababu zimepoa.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo. Tia gia kabla ya kuanza kushuka. Injini itaizuia gari, na breki zitapumzika.

SOMA CHUPA

Masta silinda ina chupa au kopo la mafuta. Ubavuni pana alama mbili. MAX ni mwisho wa juu. MIN ni mwisho wa chini. Mafuta yawe katikati ya alama hizo. Kila asubuhi yatazame. Yakipungua, usiongeze tu ukaenda zako. Tafuta yalikokwenda.

Juu ya kifuniko huandikwa aina ya mafuta, kama DOT 3 au DOT 4. Nunua aina hiyo. Mafuta haya yana tabia moja mbaya. Hunywa unyevu wa hewa, na sisi tumezungukwa na bahari. DOT 3 mpya haichemki mpaka ifike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishakunywa maji, inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ikichemka, hutoa mvuke. Mvuke ni kama ule upepo wa pampu. Kwa hiyo mafuta meusi ya miaka mingi yamwagwe. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mkebe uliofunguliwa usikae wazi.

Wako wanaotia mafuta ya injini, au mafuta ya taa, au maji ya sabuni. Wanasema, "Nifike tu." Mafuta ya injini na ya taa huvimbisha vile vikombe vya mpira. Vikivimba, breki hung'ang'ania, kisha huvuja. Maji hutia kutu. Baada ya hapo utanunua masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote. Hesabu mwenyewe kipi ni rahisi.

Gari za pwani zina adui mwingine. Gari inayopakia samaki ufukweni hudondokewa na maji ya chumvi. Paipu za breki ni za chuma. Chumvi inazila. Zioshe kwa maji baridi, na zitazame kwa tochi. Paipu yenye magamba ya kutu isingoje kupasuka. Mipira iliyopasuka pasuka vile vile.

Na ikiwa paipu ya gurudumu moja inavuja, usikubali ikunjwe na kuzibwa kwa nyundo. Mtindo huu upo. Gari itaondoka, lakini ina breki za magurudumu matatu. Siku ya mvua utakapokanyaga kwa nguvu, itageuka.

Gari za zamani sana zina njia moja tu ya mafuta. Ikikatika, breki zote zimekwisha. Marekani ililazimisha njia mbili kwa gari ndogo mpya tangu mwaka 1968, na leo ni kawaida. Njia moja ikikatika, nyingine hubaki. Lakini hiyo ni nusu ya breki. Dereva anayeendelea na safari kwa sababu "zinashika kidogo" anatumia akiba yake ya mwisho.

Neno moja kwa mafundi. Mkifungua ngoma, msipulize vumbi kwa mdomo. Laini nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

ZIKIKATAA NJIANI

Kanyaga upesi upesi mara nyingi. Pengine pedeli itapanda. Punguza gia moja moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa ghafula. Piga honi usiache. Usitoe ufunguo, maana usukani unaweza kufunga. Tafuta majani au tuta la udongo, ulisugue kwa ubavu wa gari. Abiria, kaeni chini mshike mbao. Msiruke.

Gari ikisimama, utingo aweke jiwe kwenye gurudumu. Abiria wateremke. Gari isiende tena kwa miguu yake. Ivutwe kwa chuma cha kuvutia, si kwa kamba, kwa sababu gari isiyo na breki itaigonga ile inayoivuta.

Mkiondoka, liondoeni jiwe njiani. Usiku atapita mtu na baiskeli.