Tusivifundishe Vijidudu Kuishinda Dawa

Mwaka 1977, mwaka uliozaa Chama cha Mapinduzi, kipindupindu kiliivamia nchi yetu kwa nguvu. Dawa ya tetrasaiklini ilikuwapo, na mwanzoni vijidudu vya ugonjwa ule havikuweza kustahimili mbele yake. Basi ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima pia, ili maradhi yasienee. Baada ya miezi mitano tu, sampuli 76 katika kila 100 zilizopimwa hazikuijali tena dawa ile. Madaktari wa hapa hapa nchini waliyatangaza hayo mwaka 1979, na ulimwengu ukasoma.

Tunawakumbusha wananchi habari hii kwa kuwa adui yule hajahama. Kijidudu cha kipindupindu huishi katika maji ya pwani, hasa pale mito inapoingia baharini. Hujishikiza kwenye magamba ya kamba na kaa, nao chaza hukikusanya wanapochuja maji wapate chakula. Jamaa zake wengine wamo humo humo, nao humwendesha tumbo mtu alaye vya baharini visivyoiva.

Je, ukaidi huo hutoka wapi? Ndani ya kila kijidudu mna urithi wa wazazi wake, uitwao jeni. Dawa ikipita, vilivyo dhaifu hufa. Kile chenye jeni ya kuikataa dawa husalia, kikazaa bila mshindani. Tena vijidudu hugawiana jeni hizo. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba kijidudu cha namna moja chaweza kukipa cha namna nyingine uwezo wa kuikataa dawa. Mwaka 2005 ikabainika kwamba hicho cha kipindupindu, kikiwa juu ya gamba, huweza kuokota jeni zilizoachwa majini na kuzifanya zake. Kwa hiyo maji machafu ya hospitali, ya vyoo na ya mabwawa ya kufugia kamba yakimwagwa baharini, tunavikusanya vijidudu, jeni na mabaki ya dawa mahali pamoja.

Hatumlaumu mfanyakazi ambaye, kwa uchache wa fedha na urefu wa foleni, hununua vidonge vinne vya rangi mbili tumbo linapomsokota. Twamlaumu muuzaji anayejua kuwa hiyo si dozi, naye akapokea fedha. Na wenye mamlaka ya miji twawaambia wazi: soko la samaki lisilo na maji safi, barafu safi wala choo ni aibu, na maji machafu yasiyosafishwa hayana haki ya kuingia baharini.

Ndugu wafanyakazi, ngao tunayo. Moto haubagui: kijidudu kinachoikataa dawa hufa katika chungu kinachochemka sawasawa na kile kisichoikataa. Pweza na kamba waive barabara. Kisu na ubao wa samaki mbichi visiguse chakula kilichokwisha kuiva. Kipindupindu kikiingia nyumbani, mgonjwa apewe mara moja maji yenye chumvi na sukari ya kipimo, akimbizwe kituo cha afya. Dawa nyingine aamue mganga.

Dawa hizi ni akiba ya taifa zima. Tukiifuja leo, watoto wetu watalipa.