Kuchaji Betri za Lithiamu Kwenye Baridi ya Mlima Kenya

Betri ya lithiamu huvumilia baridi zaidi inapotoa umeme kuliko inapoupokea. Betri nyingi za aina hii, zikiwemo zile za fosfeti ya chuma zinazofungwa siku hizi kwenye mitambo ya sola, zinaweza kuwasha taa hata katika nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini watengenezaji huagiza zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Sababu iko kwenye ncha hasi, ambayo ni ya grafiti. Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu hupenya kati ya matabaka ya grafiti. Baridi ikizidi, hupenya polepole mno. Zile zinazoendelea kufika hukosa pa kuingia na kugandamana juu yake kama utando wa metali. Sehemu kubwa ya lithiamu hiyo hairudi kazini tena, hivyo uwezo wa betri hupungua. Utando ukiota vijisindano, unaweza kutoboa kitenganishi na kusababisha shoti ndani ya seli, na shoti ya namna hiyo ndiyo huleta moto.

Mjini Meru na Embu jambo hili halina haja ya kumnyima mtu usingizi, kwani baridi ya huko haifiki sifuri. Mambo hubadilika mlimani. Kwenye njia ya Sirimon, inayopandia upande wa Timau, kambi ya Old Moses iko kwenye mita 3,300 hivi na ya Shipton karibu mita 4,200, ambako maji huganda usiku mara kwa mara. Kwa kuwa mlima uko karibu kabisa na ikweta, tofauti kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya majira. Kwa betri, saa mbaya si za usiku bali ni za asubuhi. Jua likichomoza hupiga paneli moja kwa moja, na paneli yenye baridi hutoa volti nyingi kuliko iliyopata moto. Wakati huohuo, betri iliyolala sakafuni inaweza kuwa bado iko chini ya sifuri, na ikiwa ni kubwa itachukua saa kadhaa kupata joto. Chaja isiyo na kipimajoto haitambui hilo. Husukuma umeme wote inaoupata.

Dawa ya bei nafuu ni thamista, rezista ndogo ambayo ukinzani wake hupanda joto linaposhuka. Ile ya kawaida ina kiloomu 10 katika nyuzi 25, na hufika kiloomu 32 hivi katika sifuri. Chipu ya TP4056, inayopatikana kwenye vibao vingi vidogo vya kuchajia seli moja ya volti 4.2, ina pini iliyotengwa kwa kazi hiyo: volti ya pini hiyo ikipita asilimia 80 ya volti inayoingia, au ikishuka chini ya asilimia 45, kuchaji husimama. La kusikitisha ni kwamba kwenye vibao hivyo vya bei rahisi pini hiyo huwa imelehemiwa kwenye ncha hasi, na ulinzi wote umezimwa. Fundi anayeinua pini hiyo, akaiunganisha na volti inayoingia kwa rezista ya kiloomu 8.2, kisha na ncha hasi kwa thamista, hupata chaja inayokata karibu na nyuzi sifuri. Upande wa joto itakata mapema, kwenye nyuzi 34 hivi, kasoro isiyo na uzito huko juu. Waya wa thamista ukikatika, chipu huona baridi kali na kuacha kuchaji, kwa hiyo hata hitilafu yenyewe huangukia upande wa usalama.

Njia ya pili hupunguza mkondo badala ya kuukata. Thamista hiyohiyo ikiungwa mfululizo na rezista ya kiloomu 1.2 inayopanga mkondo wa TP4056, mkondo huwa miliampia 100 na kitu katika nyuzi 25, na chini ya 40 katika sifuri. Kwa seli ya tochi inatosha. Lakini njia hii haisimamishi kuchaji kabisa, kwa hiyo haifai peke yake pale baridi inaposhuka chini ya sifuri.

Kwa betri kubwa ya volti 12 kwenye kibanda, inafaa thamostati ya kidijitali yenye rilei, iliyopangwa ikate kwenye nyuzi 3 na kurudisha kwenye 5 ili isiwake na kuzima ovyo. Rilei ikae kati ya paneli na kidhibiti chaji, kwa sababu vidhibiti vingine huharibika betri ikikatwa huku paneli ikiendelea kuleta umeme. Kipimajoto kibandikwe kwenye seli yenyewe, kwani hewa ya kibandani hupata joto mapema kuliko betri. Sanduku lenye povu la kuzuia baridi, lililoinuliwa kutoka sakafuni, hupunguza muda wa kusubiri asubuhi.

Betri nyingi mpya za fosfeti ya chuma huja na kidhibiti cha ndani, lakini si vyote vinavyokata kuchaji wakati wa baridi. Anayenunua betri ya kupeleka mlimani asome maelezo yake kabla ya kulipa. Yasipotaja ukomo wa joto la kuchajia, afunge thamostati yake mwenyewe.